Uzi: Kuchagua jimu Mwanza kwa mtu wa ajira. Anza na njia yako na saa yako, mashine baadaye

NjiaYaNyakato (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila mshahara ukiingia swali linarudi humu ndani: "Jimu gani nzuri hapa Mwanza?" Swali hilo halijibiki mpaka useme unafanya kazi wapi, unalala wapi na unatoka kazini saa ngapi. Jimu inayomfaa mtu wa Isamilo anayefanya kazi mjini inaweza kuwa hasara tupu kwa mtu wa Igoma, hata kama mashine ni zilezile na bei ni ileile.

Angalieni mji ulivyokaa. Ukitoka katikati una njia tatu kubwa. Barabara ya Kenyatta inakwenda Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi hadi Buhongwa. Barabara ya Nyerere inakwenda Mabatini, Nyakato, Buzuruga, Igoma. Barabara ya Makongoro inakwenda Kirumba, Pasiansi hadi uwanja wa ndege. Milima na miamba inazitenganisha, kwa hiyo kuhama kutoka njia moja kwenda nyingine jioni mara nyingi ni kurudi mjini kwanza na kupanda daladala ya pili. Jimu iliyo nje ya njia yako utaiacha ndani ya wiki chache, hata kama ina kiyoyozi.

Kwa hiyo kwanza amua saa. Kama utafanya alfajiri, tafuta jimu karibu na nyumbani, ya kwenda kwa miguu dakika 10 hadi 15, kwa sababu lazima urudi uoge na kuvaa nguo za kazi. Kama ni jioni, tafuta karibu na kazini, uingie moja kwa moja ukiwa na begi lako na utoke foleni ikiwa imepungua. Anayepanga kufika nyumbani kwanza, apumzike kidogo halafu ndipo aende, kwa kawaida hatoki tena. Chakula kipo, watoto wapo, giza limeingia.

Pili, pima muda wote, usipime mazoezi peke yake. Kubadili nguo dakika 5, kupasha mwili dakika 8, mazoezi dakika 36, kuoga na kuvaa dakika 15. Hapo ni dakika 64 kabla ya usafiri. Hizo 36 nimezipata hivi: mazoezi manne, kila moja seti tatu, kila seti dakika 1 ya kazi na dakika 2 za kupumzika. Sasa ukifika jimu yenye benchi moja na watu wanne wanalisubiri, unaongeza dakika 20 kirahisi. Ndiyo maana usiikague jimu saa 5 asubuhi siku ya Jumamosi. Nenda saa ileile utakayokuwa unakwenda, Jumatatu au Jumanne, simama robo saa, hesabu watu wanaosubiri kifaa kimoja. Msongamano mkubwa kwa kawaida ni saa 11 jioni hadi saa 2 usiku, watu wakitoka maofisini.

Tatu ni hesabu ya pesa. Uliza bei nne: ya siku, ya mwezi, ya miezi mitatu, ya mwaka. Kisha uliza kama kuna ada ya kujiunga. Nachukua bei za mfano, ninyi wekeni za jimu mnayoitazama. Siku 3,000, mwezi 35,000, miezi mitatu 90,000, mwaka 300,000. Gawanya 35,000 kwa 3,000 unapata 11.7, yaani mpaka uende mara 12 kwa mwezi ndipo kadi ya mwezi inakulipa. Mara 12 ni mara tatu kwa wiki bila kukosa. Ukikosa mara mbili tu, bei ya siku ilikuwa nafuu kuliko kadi. Wengi wanalipia mwezi na kwenda mara sita, na hapo kila kwenda kumemgharimu 5,833.

Mwezi wa kwanza lipa kwa siku. Weka alama kwenye kalenda kila ukienda. Ukifika 12 bila kujilazimisha, nunua mwezi. Miezi miwili mfululizo ikifika 12, nunua mitatu. Huo ndio mpango wangu na nausimamia.

---

Kirumba_Juu

Uzi mzuri mkuu, ila hapo kwenye mwaka napinga. 300,000 gawanya kwa 12 ni 25,000 kwa mwezi. Hiyo ni nafuu ya 10,000 kila mwezi. Halafu mtu akishalipa fedha nyingi hawezi kukaa nyumbani, itamuuma.

---

NjiaYaNyakato

Mkuu, nafuu ipo kwenye karatasi. Gawanya 300,000 kwa 35,000: unapata miezi 8.6. Maana yake ni lazima udumu miezi tisa ndipo uanze kuona faida. Ukiacha mwezi wa tano, kila mwezi umekugharimu 60,000, karibu mara mbili ya kadi ya kawaida. Na ndani ya mwaka mtu wa ajira anahamishwa kituo, anabadilishiwa zamu, anahama nyumba kutoka Mkolani kwenda Buswelu. Kuna na likizo. Sheria inampa mfanyakazi siku 28 kwa mwaka, na wengi huzitumia wakiwa nje ya mji.

Kuhusu maumivu ya pesa, yanafanya kazi wiki tatu za mwanzo. Baada ya hapo kinachokupeleka jimu ni ukaribu na saa inayokubali.

Anayetaka kulipa mwaka alipe kama ana mambo matatu: ameshafanya pale miezi mitatu, anamiliki nyumba au hana mpango wa kuhama, na jimu inakubali kusimamisha kadi kwa maandishi akisafiri. Likikosekana hilo la tatu, asilipe.

---

FundiChuma_Igogo

Wakuu, niongezee kwenye vifaa, maana hapo ndipo watu wanaumia.

Jimu nyingi za mitaani zimejengwa na mafundi wetu wa kuchomelea. Sina tatizo nazo, chuma cha kuchomelea kikifanywa vizuri kinadumu, na ada yake ni ndogo. Ila kagua. Fimbo, yaani chuma kirefu cha kuvisha sahani za uzito, ile ya kawaida ya mashindano ina urefu wa mita 2.2 na uzito wa kilo 20, ile ya wanawake kilo 15. Ya mtaani inaweza kuwa bomba la maji lililokatwa. Izungushe kwenye benchi na itazame kwa pembeni: ikiyumba juu na chini imepinda, na chuma kilichopinda kinajigeuza mkononi ukiwa umekibeba. Weka kilo 40 jumla, inua, angalia kama katikati panashuka kama upinde. Bomba jembamba litaonyesha papo hapo.

Sahani za zege au za chuma chakavu mara nyingi uzito ulioandikwa siyo uzito wenyewe. Hatari ni pale upande mmoja unapozidi mwingine kwa kilo 2 au 3: mgongo na bega vinabeba tofauti hiyo kila seti. Omba mizani. Jimu inayojiheshimu itakuwa nayo, na ikiwa haina, shika sahani mbili za jozi moja kwa mikono miwili, utahisi. Halafu tazama vibano vya kuzuia sahani zisichomoke mwisho wa fimbo. Visipokuwepo, sahani za upande mmoja zikiteleza fimbo nzima inaruka upande wa pili.

Mashine za kamba: pitisha macho kwenye waya wote, hasa sehemu inayopinda kwenye gurudumu na pale inapofungwa na ndoano. Plastiki ikiwa imepasuka na nyuzi za chuma zinaonekana, usikae chini ya mzigo ule. Kamba haikatiki taratibu, inakatika ghafla. Hapa kwetu kuna jambo jingine: jimu za wazi zilizo karibu na ziwa hupata unyevu mwingi na chuma kinashika kutu upesi. Kutu ya juu juu ni sawa, inafutika. Kutu iliyokula kiungo cha kuchomelea, inayotoka kwa magamba, hiyo ni sababu ya kuondoka.

Stendi ya skwati (kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na fimbo begani) iwe na vyuma viwili vya pembeni vya kupokea mzigo ukishindwa kuinuka. Hapana hivyo vyuma, hapana skwati nzito. Hili sina mjadala nalo.

Mashine ya kukimbilia: simama juu yake, iweke kwenye mwendo wa kutembea, kanyaga kwa nguvu. Mkanda ukikwama kila unapokanyaga, ama umelegea ama haujapakwa mafuta yake ya silikoni. Jimu ikipaka mafuta ya kula au ya gari, mkanda unaharibika na mota inaungua. Na uliza kuhusu jenereta. Umeme ukikatika mkanda unaweza kusimama ghafla. Pia funga kwenye nguo yako kile kipini chenye kamba kinachosimamisha mkanda ukianguka, hata kama wenyeji hawafungi. Kama jimu haina jenereta na wewe unategemea mashine ya kukimbilia, unalipia kitu ambacho siku nyingine hakitakuwepo. Baiskeli nyingi za mazoezi zinaendelea kufanya kazi hata umeme ukiwa umekatika.

---

ZamuYaUsiku

Asanteni sana. Mmezungumzia watu wa ofisi. Sisi wa zamu je? Wauguzi wa Bugando, walinzi, watu wa viwanda vya minofu ya samaki. Wiki hii asubuhi, wiki ijayo usiku.

---

NesiMstaarabu

Dada au kaka ZamuYaUsiku, kwako kadi ya mwezi ni mtego. Uliza kadi ya mahudhurio, yaani unalipia mara 10 au 12 na unazitumia ndani ya siku 60 au 90. Jimu nyingi hazitangazi hiyo, lakini ukikaa na meneja mkaongea anaweza kukukubalia, hasa ukimwambia utakuwa unakuja saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri, muda ambao jimu yake ni tupu. Hapohapo omba punguzo la saa za mchana. Yeye umeme na pango analipa vilevile, mteja wa mchana kwake ni faida.

Ukitoka zamu ya usiku usiende jimu moja kwa moja kubeba vyuma vizito. Mwili uliokesha unashindwa kushika usawa na umakini umepungua. Lala kwanza kwa muda wa saa 5 au 6, kula, nenda alasiri kabla ya kuripoti. Siku ya kubadili zamu tembea tu, vyuma viache.

Na kwa wote: kabla ya kulipa, pimeni presha. Ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, usianze mazoezi, nenda hospitali. Mwenye sukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari abebe kitu kitamu kwenye begi. Ukisikia kifua kubana, maumivu kwenda taya au mkono wa kushoto, au kizunguzungu, simama hapohapo, usimalizie seti.

---

MamaKiseke

Wabeja kwa elimu. Mimi swali langu ni la akina mama. Wengi wetu tunataka erobiki na kupunguza tumbo, na tukitoka saa 2 usiku usafiri wa kuingia ndani ni bodaboda tu. Tuangalie nini?

---

MwalimuWaViungo

Mama, nikuanzie na usafiri kwa sababu ndio unaokula bajeti. Bodaboda ya 2,000 mara 12 ni 24,000 kwa mwezi. Ongeza juu ya ada ya 35,000, unalipa 59,000. Jimu ya 45,000 iliyo mita 300 kutoka kituo chako cha daladala ni nafuu kuliko hiyo. Tazama pia taa za njia kutoka mlangoni hadi kituoni. Kagua usiku, mchana kila njia ni salama.

Erobiki: uliza kama imo ndani ya kadi au inalipiwa pembeni, siku ngapi kwa wiki, na inaanza saa ngapi hasa. Darasa la saa 12 jioni linaloanza saa 12 na nusu kila siku linakufikisha nyumbani saa 3. Hesabu wanaohudhuria ukumbini. Kila mtu anahitaji nafasi ya kunyoosha mikono pande zote bila kumgusa jirani. Sakafu iwe ya mbao au ya mpira. Kuruka dakika 45 juu ya saruji au vigae, mara tatu kwa wiki, magoti na miundi italalamika.

Tazama vyoo na bafu la wanawake: lina komeo, lina maji yanayotoka saa hiyo ya jioni, kuna mahali pakavu pa kutundika nguo za kazi. Kabati la vitu utakuta lipo, kufuli mara nyingi unakuja nalo. Kama unataka saa za wanawake pekee, uliza ziko siku gani na kama zinafuatwa kweli au ziko kwenye bango tu. Kwa wanaofunga, uliza mapema ratiba ya Ramadhani.

Kuhusu tumbo nitasema wazi: hakuna mazoezi yanayopunguza mafuta ya tumbo peke yake. Kujikunja mara 200 kunaimarisha msuli ulio chini, mafuta yanabaki yalipo mpaka chakula kipungue na mwili mzima upungue. Kocha akikuuzia mkanda wa kutoa jasho tumboni, anakutoa maji, ukinywa lita moja yamerudi.

Sasa kipi kinatosha? Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilitoa mwongozo: mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kwa mfanyakazi hii ni habari njema, maana huhitaji jimu ya siku sita. Siku mbili au tatu za vyuma zinatosha, zikiachana saa 48 kwa msuli uleule. Zilizobaki tembea. Ukishuka kituo kimoja kabla na kutembea kwa haraka dakika 15 kwenda na 15 kurudi, siku tano, umeshapata 150 bila kulipa mtu.

Kwa hiyo jimu ya mwanzo inahitaji vitu vichache: stendi ya skwati, benchi, fimbo na sahani ndogo za kilo 1.25 na 2.5, dambeli kuanzia kilo 2 hadi 20, na mahali pa kufanyia mazoezi ya kuvuta. Hizo sahani ndogo ni muhimu kuliko mtu anavyodhani. Bila hizo unaruka kutoka kilo 30 kwenda 40 kwa siku moja, na hapo ndipo bega linachanika. Skwati, kusukuma ukiwa umelala, kuvuta kuelekea kifuani, kunyanyua kutoka chini: seti tatu za mara 8 hadi 10. Ukimaliza zote 10 kwa mkao sahihi, ongeza kilo 2.5 safari ijayo.

Kocha mpime kwa maswali yake. Akikuandikia mpango kabla ya kuuliza una tatizo gani la mgongo, goti au presha, pesa ya kocha binafsi baki nayo.

---

Rafiki_wa_Ziwa

Kwa nini tulipe? Tuna milima, tuna ziwa. Kupanda kilima na kuogelea ni bure.

---

NesiMstaarabu

Kilima nakubali kabisa. Panda dakika 20 kwa mwendo ambao unaweza kusema sentensi fupi lakini huwezi kuimba. Kushuka nenda taratibu, maana paja linaumia zaidi kwenye kushuka. Mvua ikinyesha miamba inateleza, siku hiyo acha.

Ziwa hapana. Kichocho kipo sehemu nyingi za pwani ya Ziwa Victoria. Vijidudu vinatoka kwa konokono wa majini na kuingia kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache. Kujifuta haraka hakukuhakikishii kinga. Kwa aina ya kichocho cha tumbo iliyo kwetu vinatoka kwa wingi mchana jua likiwa kali, lakini hakuna saa iliyo salama kabisa. Aliyekwisha kuoga ziwani mara kwa mara apime choo, dawa ni prazikwanteli na inatolewa kwa kipimo cha uzito. Kuogelea tafuteni bwawa lenye maji yanayotibiwa kwa klorini, sakafu yake uione mpaka chini.

---

Hesabu_Safi

Nakazia malipo, limepitwa haraka.

Lipa kwa lipa namba yenye jina la biashara. Ukipewa namba binafsi ya kocha au ya mhudumu, siku akiondoka malipo yako hayapo kwenye daftari. TRA (Mamlaka ya Mapato) wanatukumbusha kila siku: ukinunua dai risiti. Risiti ya mashine ya EFD (ile ya risiti za kodi) ndiyo ushahidi wako jimu ikifungwa au ikihama.

Uliza "mwezi" wao ni nini. Kuna wanaohesabu siku 30 tangu ulipoingia, na kuna wanaohesabu mpaka tarehe ya mwisho ya mwezi. Ukilipa tarehe 24 mshahara ulipoingia, kwa wale wa pili umenunua wiki moja kwa bei ya mwezi.

Na wafanyakazi wa ofisi moja, jikusanyeni. Watu watano au zaidi mkienda pamoja kwa meneja ombeni ada ya kujiunga iondolewe. Hiyo ni rahisi kwake kuliko kupunguza bei ya mwezi. Makubaliano yaandikwe, yawe na majina ya wote, na mmoja akiacha bei ya wengine isipande.

---

KijanaBuhongwa

Wakuu nisaidieni. Nakaa Buhongwa, kazi mjini, natoka saa 9:30 alasiri. Bajeti yangu ni 40,000 kwa mwezi, kila kitu ndani. Kuna jimu Mkuyuni ya 32,000 na nyingine mjini dakika saba kwa miguu kutoka ofisini, ya 38,000. Ya mjini siku moja ni 4,000.

---

NjiaYaNyakato

Mdogo wangu, tukokotoe. Mkuyuni utashuka njiani na kupanda tena. Nauli ikiwa 600, kila siku ya mazoezi unaongeza nauli moja. Mara 12 ni 7,200. Jumla 39,200. Ya mjini haikuongezei nauli, ni 38,000. Kwa hiyo ile inayoonekana ghali ndiyo nafuu, na unabakiwa na 2,000 ya kuanzia kununua kufuli.

Faida yako kubwa ni saa. Saa 9:45 upo ndani, saa 11 kasoro dakika 10 umeshaoga, kundi la jioni ndiyo kwanza linaingia. Ila waulize kama wanafunga mchana, maana baadhi ya jimu hufunga na kufungua tena jioni. Wakifungua saa 11, faida yote hiyo imekufa, na Mkuyuni ndipo pa kwenda kama wao wapo wazi.

Kwa mwezi wa kwanza lipa siku, mara mbili kwa wiki. Mara 8 kwa 4,000 ni 32,000, upo ndani ya bajeti. Bei ya siku dhidi ya 38,000 inageuka kwenye mara ya 10. Ukiona wiki ya tatu umeshafika mara saba, omba wakukatie ulicholipa kwenye kadi ya mwezi. Baadhi wanakubali ukiwa na risiti zako mkononi, kwa hiyo zitunze zote. Kesho ukitoka kazini pita pale 9:45 hiyohiyo, hesabu watu kwenye stendi ya skwati, angalia vile vyuma vya pembeni alivyosema FundiChuma, kisha utuletee majibu hapa.